Fundi wa Kusaga Aliyekwenda Venice

Josef Mysliveček alizaliwa Prague mwaka 1737, yeye na pacha wake Jáchym. Baba yao alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, na hali ya nyumbani haikuwa mbaya. Josef alianza kusomea falsafa chuo kikuu, akaacha kabla ya kumaliza. Hapo ndipo nilipokaa vizuri kitandani nikaendelea kusoma habari zake hadi saa saba usiku, bando likiisha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikataa kutosha, na tayari nilikuwa naandikia watu makala kwa malipo. Tangu hapo nimesoma hadithi nyingi za watu walioacha chuo, na zote huishia kwa bilionea. Hii haiishii hivyo, ndiyo maana naiamini.

Baada ya chuo, Josef alirudi kwenye kazi ya baba. Mwaka 1761 alitambuliwa kama fundi kamili wa kusaga. Yaani alikuwa na plan B ambayo mama yangu angeipigia vigelegele. Miaka miwili baadaye akaiacha, akaenda Venice kusomea utunzi kwa Giovanni Pescetti. Alikuwa na miaka 26. Jáchym alibaki na kinu.

Kule Italia mambo yalijipa. Mwaka 1767 opera yake *Il Bellerofonte* ilichezwa katika ukumbi wa San Carlo, Naples, na milango ikafunguka. Aliandika opera zaidi ya 20. Waitaliano, ambao jina lake liliwashinda ulimi, walimwita tu *il Boemo*, yaani mtu wa Bohemia.

Lakini angalia alivyolipwa. Hakuwa na mshahara wa kasri wala wa kanisa. Ukumbi ulikuagizia opera ya msimu, ukaandika mbio mbio, ukalipwa mara moja, basi. Ikichezwa tena mji mwingine, hupati kitu. Waimbaji maarufu walilipwa pesa nyingi kuliko mtunzi. Msimu ukiisha, unaanza kubisha hodi upya. Mwenzangu unayeandika kwa kibarua, unalijua hili. Kuna mteja wangu mmoja ambaye kila mwisho wa mwezi huniambia pesa "iko kwa process". Ni mwezi wa nne sasa.

Mwaka 1770, mjini Bologna, alikutana na Mozart, kijana wa miaka 14, wakawa marafiki. Miaka saba baadaye Mozart alimkuta hospitalini Munich. Wengi huamini ilikuwa kaswende. Daktari alijaribu kumtibu kwa kuchoma, na pua ikaenda. Mozart alimwandikia baba yake kwamba ukiacha ule uso, mtu mwenyewe alikuwa yule yule, amejaa moto na uhai. Na katika hali hiyo, Mysliveček bado alikuwa anamwahidi kijana kwamba atamtafutia kazi ya opera Naples. Kazi hiyo haikuja. Najua wengi wa kunipigia simu na "nitakuunganisha", ila huyu angalau aliahidi akiwa amelala kitanda cha hospitali.

Alirudi Italia akaendelea kuandika. Opera yake *Armida* ilianguka Milan mwaka 1780. Mwaka uliofuata alikufa Rome, maskini, na miaka 43. Mazishi yalilipiwa na mwanafunzi wake Mwingereza.

Mjomba wangu akisikia hii atasema, "Si ungebaki kwa kinu!" Nimelifikiria jibu. Siwezi kumwambia ililipa, kwa sababu mwishowe haikulipa. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa miaka kama 15 kijana wa kinu aliishi kwa kazi aliyoichagua, tena akaifanya vizuri kiasi kwamba Mozart alichukua wimbo wake akaupanga upya. Wimbo huo, *Ridente la calma*, bado unaimbwa, na mara nyingi jina la Mozart ndilo linaloandikwa juu.

Hilo linaniuma kuliko pua. Umaskini nilishaukubali kama hatari ya kazi, lakini kufutwa jina bado sijakubali. Kwa hivyo nimeanza kudai jina langu liwekwe kwa kila makala, hata ile ya mteja wa mwezi wa nne. Ukipata bando, tafuta konseto zake za fidla. Ukimtumia mtu, andika jina lote: Mysliveček.