Hodi, Tokeni na Mlango wa Baraza

Tokeni si neno geni tena hapa Lalago. Hata mkulima wa pamba ambaye hajawahi kugusa kompyuta analifahamu kwa sababu ya umeme wa LUKU: hulipia, hupokea tarakimu 20, huzibonyeza kwenye mita, taa ikawaka. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye leo riziki yake ni kuandika programu, aliponiomba nimtafutie maneno ya Kiswahili ya kazi yake, sikuona kuwa amekwenda mbali na lugha.

Alikuwa akiandaa hazina ya mtandaoni ya methali na vitendawili nilivyovikusanya katika miaka yangu ya kufundisha. Aliijenga kwa kiunzi kiitwacho Django, pamoja na nyongeza yake, Django REST Framework, inayowezesha programu moja kuomba maelezo kwa nyingine. Kila aina ya ombi ina mlango wake. Aliagiza milango yote idai tokeni, na agizo hilo lina busara: mlango mmoja ukisahauliwa wazi, mwizi hupita huo huo. Lakini mtoto wa shule aliyetaka kusoma methali tu alijibiwa namba 401.

Kijana akaandika AllowAny kwenye mlango wa kusomea, yaani yeyote aruhusiwe. Wasio na tokeni wakaingia. Ajabu ni kwamba wenye tokeni iliyokwisha muda waliendelea kufukuzwa. Asiye na cheti alikaribishwa. Mwenye cheti kilichochakaa akageuzwa njiani.

Hapo ndipo lugha ilipotufaa. Yako maswali mawili yanayochanganywa mno. Utambuzi huuliza, "Wewe ni nani?" Idhini huuliza, "Je, waruhusiwa?" Kiingereza chenyewe kimejikwaa hapa: jina rasmi la 401 husema mtu hana idhini, ilhali maana yake ni kwamba hajatambuliwa. Aliyetambuliwa kisha akanyimwa ruhusa hupewa 403.

Katika kiunzi hicho utambuzi hutangulia idhini. AllowAny hulegeza swali la pili tu. Mgeni akionyesha tokeni mbovu, huanguka kwenye swali la kwanza kabla ya kulifikia la pili. Dawa ni kuiacha tupu orodha ya njia za utambuzi kwa mlango huo peke yake, ili swali la kwanza lisiulizwe kabisa. Ilimbidi basi autenge mlango wa kusomea na ile ya kuongeza, kusahihisha na kufuta, ambayo tokeni yake haikuguswa.

Wajenzi wa mwambao walilijua jambo hili zamani. Barazani huketi yeyote, wala haulizwi ukoo. Hodi hupigwa kwenye mlango wa ndani. Nyumba isiyo na baraza ina uchoyo, na isiyo na mlango si nyumba. Nilimwandikia kijana ubeti huu, auweke karibu na kazi yake:

Mlango wa barazani, usitiwe makomeo,
Akijapo wa njiani, apewe neno la leo,
Vya ndani viwe chumbani, kufuli ni tegemeo,
Lugha ikifichwa ndani, itapoteza upeo.

Kwangu mimi hili halikuwa suala la kompyuta tu. Methali zile nilipewa na wazee wa Usukumani waliokaa chini ya miti yao, na wengi wao wametangulia mbele ya haki. Hakuna aliyeniuliza jina la siri kabla ya kufumbua kinywa. Walichokilinda ni usahihi: ukikosea neno, walikurudisha ulianze upya. Kusoma kuwe bure kwa kila mpita njia. Kubadilisha kuwe kwa anayejulikana. Huo ndio urithi niliopokea, na ndivyo ninavyotaka uwafikie wajukuu.