Linux yafika Gatuanyaga

Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyoweka Linux kwenye Raspberry Pi 4 na kuipeleka nyumbani Gatuanyaga, huku kwetu Thika. Raspberry Pi ni tarakilishi ukubwa wa kadi ya benki, yenye prosesa ya ARM kama zile zilizomo ndani ya simu zetu. Ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 2012, na hii aina ya 4 mwaka 2019.

Mbona nijisumbue? Watoto wa dada yangu wanasoma huko, na kila swali la kazi ya shule linakula bando. Bando likiisha, swali linabaki. Nilitaka Wikipedia yote ya Kiswahili ikae ndani ya nyumba, isomwe kwa simu bila intaneti.

Kuweka Linux ni rahisi siku hizi. Nilifanyia Ruiru ninakoishi, ambako mtandao ni mzuri. Programu ya Raspberry Pi Imager huandika mfumo kwenye kadi ya memori. Nilichagua Raspberry Pi OS Lite ya biti 64, ambayo msingi wake ni Debian. Lite haina madirisha. Unaiamuru kwa maandishi kupitia SSH, kwa hivyo huhitaji skrini wala kibodi. Kabla kadi haijaandikwa, jaza nchi (KE), jina la mtumiaji na neno la siri. Zamani kila mashine ilikuja na mtumiaji "pi" na neno la siri "raspberry", dunia nzima ikijua! Mtindo huo uliondolewa Aprili 2022.

Kisha:

sudo apt update
sudo apt install kiwix-tools

Kiwix ni programu huria inayosoma Wikipedia iliyofungwa katika faili moja la aina ya ZIM. Nilipakua la Kiswahili, nikaliwasha:

kiwix-serve --port=8080 faili.zim

Halafu nikaifanya mashine itoe wai-fai yake yenyewe:

sudo nmcli device wifi hotspot ssid Nyumbani password neno-lako

Simu ikijiunga, unaandika 10.42.0.1:8080 na makala zinafunguka. Hakuna bando linaloliwa.

Ruiru yote yalikwenda sawa. Gatuanyaga, kwa chaja ya simu aliyonipa muuzaji, mashine ikawa inajizima na kujiwasha. Watu wangesema Linux ni ngumu. Uliza mashine yenyewe:

vcgencmd get_throttled

Ilijibu 0x50005, maana yake volti zimeshuka na prosesa imepunguziwa kasi. Jibu zuri ni 0x0. Aina ya 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo. Nilipoleta chaja inayofaa, ugonjwa ukaisha.

Tatizo la pili ni saa. Aina ya 4 haina betri ya saa. Huuliza saa kwenye intaneti. Stima ikipotea na intaneti haipo, mashine ikiamka inaamini bado ni wakati ule ilipozimika. Siku ukiiunganisha na mtandao, inaweza kuzikataa tovuti salama kwa sababu ya tarehe. Dawa ni kijisaa cha DS3231 chenye betri yake, na mstari huu ndani ya /boot/firmware/config.txt:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Mwisho niliweka pawabenki kati ya chaja na mashine. Chagua inayoweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja bila kukatiza, na inayotoa hizo ampea 3. Mashine hutumia wati chache tu, kwa hivyo giza likiingia watoto wanaendelea kusoma.

Nililojifunza ni hili: ukitaka kujua kama Linux imekaa sawa, usiipime mezani kwako. Ipime pale itakapoishi, kwa stima ya pale.

Limebaki moja ambalo hakuna amri inayoliponya. Makala nyingi za Wikipedia ya Kiswahili ni fupi mno, na mpwa wangu ameshaniuliza, "Mjomba, mbona imeishia hapa?" Jibu lake ni mimi na wewe kuandika. Haya, kazi kwetu!