"Unaweza Kutembea?" Si Kipimo

Wasee, kuna swali linaulizwa kwa wodi zetu kila siku na linaumiza watu: "Shosho, unaweza kutembea?"

Unajua shosho atajibu nini? "Naweza." Atasema hivyo hata magoti yakitetemeka. Wazee wetu hawapendi kusumbua, na nani anataka kubebwa kupelekwa choo?

Shosho wangu alijibu hivyo mwaka jana, baada ya siku nne kitandani na nimonia. Akasimama, akapiga hatua mbili, akaanguka. Aliingia hospitali na shida ya kifua, akatoka na vyuma kwenye nyonga. Nesi aliyejaribu kumdaka akaumia mgongo. Yule sista simlaumu. Alikuwa peke yake usiku, wodi imejaa, na alituambia wazi kwamba kupima kama mgonjwa yuko tayari kusimama walisomeshwa juu juu tu.

Hapo ndipo shida iko: mafunzo. Na njia ipo, haihitaji mashine.

Kuna kipimo kinaitwa BMAT, kilitoka Marekani, kina hatua nne. Kwanza, mgonjwa anaketi ukingoni mwa kitanda, anapitisha mkono mbele ya mwili wake hadi upande wa pili, anakusalimia. Pili, akiwa bado ameketi, ananyoosha goti na kuchezesha kifundo cha mguu. Tatu, anainuka na kusimama mkihesabu hadi tano. Nne, anapiga hatua papo hapo, halafu mbele na nyuma. Akishindwa mahali, unaacha hapo hapo. Huo ndio uwezo wake wa leo, na msaada unapangwa kuanzia hapo.

Presha nayo ipimwe akiwa amelala, kisha akisimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, kizunguzungu kinaweza kumwangusha.

Hii kitu huwezi kuijua kwa kuangalia slaidi. Manesi wafanye mazoezi wao kwa wao, mmoja akijifanya mgonjwa anayeyumba, mwingine ajue akae wapi na amwache aketi lini. Mazoezi yarudiwe, na matokeo ya kila mgonjwa yaandikwe kwa faili ili zamu ya usiku isianze kubahatisha. Wataalamu wa usalama kazini Marekani wanasema nesi asiinue zaidi ya kilo 16 za mgonjwa kwa mikono. Shosho, na wembamba wake wote, ana 52.

Utaniambia manesi ni wachache, hawana muda. Kweli ni wachache. Lakini kipimo ni dakika chache, na nyonga ya shosho imekula miezi mitano. Na usiniambie basi wagonjwa walale tu. Mtu akilala siku nyingi misuli inaisha, halafu siku ya kusimama inakuwa hatari zaidi.

Sasa wewe unayesoma: siku mzazi wako atalazwa, kuna uwezekano mkubwa ni wewe utamshika mkono kumpeleka choo. Kabla hamjainuka, muulize nesi kwa heshima, "Sista, amepimwa kusimama leo?" Kama bado, ngojeni apimwe kwanza.