Mtoto aliponyamaza katikati ya bahari

KWA miaka mitatu familia hii ilidunduliza fedha kwa ajili ya siku saba tu. Baba ni fundi umeme mjini Lyon, Ufaransa. Mama, mzaliwa wa Tanga, anapika katika mkahawa wa shule. Shule zilipofungwa Februari, wenzao wakienda kwenye theluji, wao waliwapeleka binti yao wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano Guadeloupe, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa, ambako duka linalipwa kwa yuro na mwalimu anafundisha kwa Kifaransa, ila jua ni la nyumbani kabisa.

Baba alikuwa amebandika ramani kwenye friji tangu mwaka uliotangulia. Wangekodi boti ya matanga pamoja na nahodha wake pale Pointe-à-Pitre, waende Marie-Galante, kisha Les Saintes, halafu warudi. Kwa kalamu, safari yote ilikuwa ndogo kuliko kiganja.

Kalamu haijui upepo. Miezi hiyo hapo upepo unavuma kutoka mashariki, na Marie-Galante iko kusini mashariki. Boti ililazimika kubisha, kama wasemavyo mabaharia wa Pwani, yaani kwenda kwa kukata huku na huku dhidi ya upepo, na kila wimbi likaipiga omo.

Waling'oa nanga saa 2 asubuhi. Binti alikaa juu, akiimba. Mvulana aliwekwa chini chumbani na simu yenye katuni ili atulie, kosa ambalo wazazi wengi wangelifanya kwa nia njema. Macho yanapokazia kioo cha simu yanauambia ubongo kwamba mwili umetulia, huku kiungo cha mizani ndani ya sikio kikisema unayumba. Ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio huumia zaidi.

Haikupita saa moja akatapika chai na mkate. Akapewa kikombe kizima cha maji, akakinywa kwa pupa, yakarudi yote. Baadaye ikawa nyongo tupu.

Kufika saa 6 mchana alinyamaza.

"Ameshazoea," baba alisema kwa furaha. "Amelala."

Mama alishuka kumtazama na hakupenda alichokiona. Baba yake mzazi alikuwa mvuvi, na alipowachukua watoto kwenye ngalawa hakuhesabu vichwa, alihesabu sauti. Mama aliuliza mtoto amekojoa saa ngapi. Baba hakujua. Binti ndiye aliyejibu: tangu walipoamka, saa 12. Midomo ilikuwa imekauka. Alipoamshwa alilia, lakini machozi hayakutoka.

"Tugeuze," mama alisema.

"Mama, zimebaki saa mbili tu. Na tumeshalipia yote."

"Nimesema tugeuze, baba."

Ni rahisi kumlaumu mwanamume huyu ukiwa umekaa kwenye kochi. Miaka mitatu ya kazi za jioni ilikuwa mbele yake, kisiwa kinaonekana kwa macho. Alimtazama nahodha, labda akitarajia msaada. Nahodha, mtu wa visiwani humo, alishika usukani na kusema kwamba upepo ukiwa nyuma boti itaacha kurukaruka. Akaongeza kuwa mtoto akishindwa kuweka chochote tumboni ndani ya saa moja, au akizidi kulegea, ataita uokoaji kwa redio, chaneli 16.

Waligeuza.

Mama alimpandisha mtoto juu, akamlaza kivulini katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo. Alikuwa na pakiti za ORS alizonunua duka la dawa kabla ya safari. (Asiye nazo anaweza kuchanganya lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi, ni hatari.) Safari hii hakutumia kikombe. Alitumia kijiko cha chai, kimoja kila baada ya dakika chache, mtoto akiangalia mbali panapokutana mbingu na maji. Alitapika mara moja. Wakasubiri dakika kumi, wakaanza tena polepole zaidi.

Binti alipewa kazi ya kuhesabu muda. Kwa kukosa daftari, aliandika kila kijiko pembeni mwa ramani ya baba.

Walitia nanga karibu na Îlet du Gosier, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa, mkabala na mji wa Le Gosier. Saa 11 jioni mvulana aliomba kukojoa. Baba alimbeba mwenyewe hadi ukingoni mwa boti, akasimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mgongo akiwapa wengine. Mama hakusema kitu.

Siku zilizobaki walizimalizia karibu na pwani. Nahodha aliwaonyesha watoto mti wa mancenillier, ambao katika fukwe za Guadeloupe mara nyingi huchorwa alama nyekundu kwenye shina. Utomvu wake unababua ngozi, hata matone ya mvua yanayopitia majani yake, na tunda lake linalofanana na tufaha dogo la kijani ni sumu. Tangu hapo mvulana alikagua kila mti kabla dada yake hajakaa chini yake.

Marie-Galante hawakuifikia. Ramani imerudi kwenye friji kule Lyon, na pembeni bado pana safu ndefu ya saa na dakika kwa mwandiko wa kitoto. Mstari wa mwisho una maneno mawili: saa 11, amekojoa. Baba amekataa isibanduliwe.