Tochi Niliyomchagulia Binamu Yangu



Mwaka jana, nikiwa nyumbani Tanga kwa likizo ndefu, mama aliniambia jambo huku akichambua mchele, bila kunitazama usoni. Alisema tochi niliyomnunulia binamu yangu nusura imtoe roho. Miezi sita ilikuwa imeshapita tangu litokee, na katika ukoo mzima mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kusikia.

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akajibu, “Nani akwambie? Si wewe ndiye Frateri?”

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Ila kabla ya kulifikia, niruhusu nieleze habari ya tochi yenyewe, kwa sababu kosa langu lilikuwa la tochi kwanza, na mengine yalifuata.

Baba yangu alikuja Tanga kufanya kazi katika shamba la mkonge. Mama ni mtu wa pwani. Kaka yake, yaani mjomba wangu, ni mvuvi wa Kigombe na Mwislamu asiyekosa swala. Nikienda kumsalimia ananiita “mjomba” kama ninavyomwita mimi, na akitaka kunitania ananiita “padre” kabla ya wakati. Mwanawe wa kwanza ni rika langu. Tulijifunza kuogelea siku moja, kwa kutupwa majini kutoka ngalawa moja. Mimi nikaenda seminari, yeye akawa mzamiaji. Simaanishi mzamiaji wa harusini, anayekula pilau asikoalikwa. Yeye huwasindikiza wageni wanaopiga mbizi kwa mitungi ya hewa kutazama miamba na samaki. Alianza kwa kubeba mitungi, akajifunza, na sasa ana cheti kinachomruhusu kushuka hadi mita 30. Havui kitu huko chini, maana sheria zetu za uvuvi haziruhusu kuvua kwa mitungi. Kazi yake ni kuonyesha njia na kurudisha watu salama.

Bahari anayofanyia kazi ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu wavuvi waliwanasa katika majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Mjomba ni mmoja wa waliomwona akiwa amelazwa mchangani, mkubwa, mwenye mapezi kama miguu. Samaki huyo hushinda mapangoni mchana na kuwinda usiku, kwenye vilindi ambavyo binamu yangu hafiki. Lakini hata kwenye mita 15, pwani yetu ina giza la kutosha.

Basi aliponiomba nimsaidie kuchagua tochi ya mkononi ya kuzamia, nilifurahi. “Wewe msomi,” aliniambia, “mimi hizi namba zinanichanganya.” Alinipa shilingi 35,000. Nilikwenda katika duka moja mjini, nikaona boksi lililoandikwa lumeni 10,000, betri ya miliampia-saa 9,900, haipitishi maji. Nilizisoma namba hizo kwa sauti, muuzaji akaitikia kwa kichwa. Jioni nilimkabidhi binamu yangu na maelezo marefu juu yake. Sikuwa najua nisemalo, lakini nililisema vizuri.

Lilitokea Januari, msimu wa kaskazi, wakati bahari imetulia na maji ni maangavu. Walikuwa watatu usiku ule: kiongozi mbele, mgeni katikati, binamu yangu nyuma. Kwenye mita 14 tochi yake ilipepesa mara mbili, ikazima. Kiongozi aligeuka akahesabu taa, akaona moja tu badala ya mbili. Alichora duara kwa mwanga wake, ishara ya kuuliza kama mambo ni salama. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu jibu la ishara hiyo hutolewa kwa mwanga. Binamu yangu alipapasa gizani mpaka akamshika mgeni mkono, wakapanda polepole kwa tochi ya yule ambaye yeye ndiye aliyepaswa kumlinda. Walipofika juu, tochi ilikuwa ya moto mkononi. Ilipofunguliwa ilitema maji ya kahawia. Kuanzia siku hiyo aliondolewa kwenye mizamo ya usiku mpaka apate tochi ya maana, na mizamo ya usiku ndiyo iliyokuwa inamlipa zaidi.

Nilipokwenda Kigombe kumwomba msamaha, alicheka. “Bahari ndivyo ilivyo, ndugu yangu,” akasema, akabadilisha mazungumzo. Msamaha ule uliniuma kuliko kama angenigombeza.

Siku za mbele yake nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nilisoma, nikauliza watu wanaozama kila wiki, na nikakubali kwamba sijui. Nitaeleza kwa ufupi niliyoyapata, maana huenda kuna mama au baba anayesoma hapa ambaye mwanawe hushuka baharini usiku.

Kwanza, maneno “haipitishi maji” hayatoshi. Tochi inaweza kuhimili mvua au ndoo ya maji na bado ikashindwa na kina. Kila mita 10 za kushuka huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Chukua tochi yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 5. Kwenye mita 25 kioo hicho kinabeba nyongeza ya kilo 50 hivi, yaani mfuko mmoja wa saruji. Kwa hiyo tafuta kina kilichoandikwa kwa mita. Tochi nzuri za kuzamia huandikwa mita 100 au zaidi, ingawa wazamiaji wa kawaida hawavuki 40. Kinachozuia maji hasa ni kipete cha mpira ambacho mafundi hukiita oringi. Chembe moja ya mchanga au unywele mmoja juu yake unatosha kuingiza bahari. Kisafishwe, kipakwe grisi ya silikoni kidogo, kikaguliwe kila mara.

Pili, betri. Tochi nyingi za siku hizi hutumia betri ya lithiamu iitwayo 18650, kwa sababu ina milimita 18 za upana na 65 za urefu. Betri halisi za ukubwa huo nyingi huishia miliampia-saa 3,500 hivi. Anayekuandikia 9,900 anakuandikia uongo, na mwenye kuandika uongo juu ya betri hawezi kuaminiwa juu ya oringi. Mzamo mmoja huchukua dakika 45 hadi saa nzima, kwa hiyo tochi iwe na uwezo wa kuwaka vizuri zaidi ya muda huo.

Tatu, mwanga wenyewe. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka. Kandela hupima nguvu ya mwanga kuelekea upande mmoja. Karabai ya wavuvi wa dagaa hutawanya mwanga pande zote, ilhali mnara wa taa wa kisiwa cha Ulenge unaukusanya ili mwenye chombo auone kutoka mbali. Wakati wa masika Mto Pangani na Mto Sigi humwaga tope, maji yetu yanakuwa kama chai ya maziwa. Ukiwasha hapo tochi yenye lumeni nyingi na mwanga uliotanuka, kila chembe ya tope inakurudishia mwanga machoni. Ni sawasawa na dereva anayewasha taa kubwa kwenye ukungu wa Lushoto: kadiri anavyoongeza taa, ndivyo asivyoona. Kwa maji yetu, lumeni 1,000 zilizokusanywa katika mwale mwembamba zinafaa kuliko maelfu yaliyotawanyika. Mwanga mpana waachiwe wapiga picha.

Nne, swichi iwe rahisi kuiwasha kwa mkono uliolowa au wenye glavu. Swichi ya sumaku ina faida kwamba haihitaji tundu kwenye bomba, na pasipo na tundu maji hayana pa kupita. Tochi ifungwe kamba ya mkononi. Na asishuke mtu usiku na tochi moja. Sharti awe na ya akiba, hata kama ni ndogo. Nilipofika hapo niliwakumbuka wale wanawali watano waliochukua mafuta ya ziada. Tangu utotoni nilidhani walikuwa wachoyo kidogo. Sasa nawaona kama watu waliokwisha kuwahi kuishiwa na taa usiku.

Nilikuwa na akiba ya kununulia kompyuta mpakato. Nilitoa shilingi 180,000, mjomba akaongeza 60,000 bila kuulizwa, tukaagiza tochi kubwa moja na ndogo ya akiba. Zilipofika sikumkabidhi binamu yangu kwa maelezo. Nilimkabidhi mjomba na kumuuliza tuzijaribu vipi.

Asubuhi moja mwishoni mwa Agosti, kusi ilipolegea, tulitoka na mashua. Tulitoa betri, tukaweka karatasi laini ndani ya kila bomba, tukafunga. Mjomba alizifunga kwenye kamba ya bildi, lile risasi la kupimia kina, akaishusha nje ya mwamba akihesabu kwa mikono yake pima moja baada ya nyingine mpaka kumi na nne, yaani kama mita 25. Tukasubiri nusu saa. Hakuna aliyeongea sana. Tulipozivuta na kufungua, mjomba alitoa karatasi ya kwanza, akaipapasa kwa vidole, kisha akaigusisha shavuni. Ilikuwa kavu. Ya pili pia. Akanipa ile ya kwanza na kusema, “Haya, padre, shika cheti chako.”

Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Iko ndani ya daftari langu la maadili, kwenye ukurasa wenye maelezo ya Aristotle juu ya busara. Anafundisha kwamba kijana anaweza kuwa hodari wa hesabu, lakini ni vigumu awe na busara, kwa kuwa busara inahitaji uzoefu wa mambo mengi, na uzoefu huja na muda. Swali hilo lilitoka katika mtihani, nikalijibu nikapata alama nzuri. Mwezi mmoja baadaye ndipo nilipokwenda dukani kununua tochi ya shilingi 35,000.

Sasa nirudi kwa jibu la mama. Binamu yangu hakuogopa kuniambia kwa sababu mimi ni mkali. Alinyamaza kwa sababu ananiheshimu. Kwetu mtu akishaitwa Frateri, watu wanaanza kumpisha kwenye kiti, kumpa kipaji cha kufungua sala hata asipoombwa, na kuamini kwamba anajua mambo ambayo hajawahi kuyagusa. Ni heshima njema, na sisi hatuistahili bado. Hatari yake ni kwamba inazima sauti ambazo zingetuambia tumekosea. Mtu anachukua ushauri wetu kuhusu ndoa yake, mwanawe au deni lake, anashuka nao gizani, unamzimikia, anapanda kwa taa ya jirani, na Jumapili anatupa mkono akitabasamu.

Kwangu tochi ile ya kwanza ilikuwa kama mahubiri ninayoyaogopa kuja kuyatoa: namba kubwa kwenye boksi, mwanga uliotawanyika pande zote, na hakuna aliyeijaribu kwenye kina cha mtu anayeitumia. Mimi niliyeichagua nilikuwa kitandani usiku ule wa Januari.

Kwa hiyo ninajaribu mazoea mawili. La kwanza ni kusema “sijui” mapema, kabla ya kufika dukani. La pili ni kurudi kuuliza. Nikimshauri mtu jambo, baada ya wiki kadhaa namtafuta na kumuuliza kama lilimfaa, na namuuliza kwa namna inayomruhusu kusema hapana. Bado si rahisi. Wengi hujibu “lilifaa sana, Frateri” kabla sijamaliza swali.

Ndugu zangu waseminari wanalijua hili. Kwenu waamini nina ombi moja: taa tuliyowapa ikizima, tuambieni. Tuambieni mapema, na msisubiri mpaka mama atoe habari akichambua mchele.

Binamu yangu alirudi kwenye mizamo ya usiku mwezi wa Novemba. Siku ya kwanza alinipigia simu akiwa amefika nchi kavu, saa nne za usiku, sauti bado ina baridi. Alisema ameona kamba kochi watatu chini ya mwamba na matumbawe yanayoota upya mahali palipowahi kuvunjwa kwa baruti. Nilimuuliza habari ya tochi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema swichi ni ngumu kidogo ukivaa glavu.

Nilimshukuru Mungu kwa tochi, na kwa lile neno la swichi nilimshukuru zaidi.