Pampu ya Mjomba na Kosa Langu la Digrii 40

Leo naweka kando mambo ya Java na PHP, niwasimulie jinsi pistoni ilivyonitia aibu.

Nilikwenda Chala, karibu na lile ziwa la kreta mpakani na Tanzania, kumtembelea mjomba. Nikakuta nyanya zimeanza kunyauka. Injini ya dizeli ya pampu yake ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya, na tangu hapo haina nguvu.

"Wewe si ulisomea mashine?" akaniuliza. Nilisomea kompyuta, lakini nikanyamaza.

Usiku nikaandika programu ndogo: pistoni inashuka milimita 100, konrodi ni milimita 175, mizunguko 2,000 kwa dakika. Kumbe pistoni haishuki kwa mwendo mmoja! Juu inasimama, inafikia karibu mita 11 kwa sekunde kabla ya kufika nusu ya njia, kisha inapunguza mwendo hadi kusimama chini. Safari nzima ni milisekunde 15.

Nikahitimisha kwamba valvu ya hewa ifungwe pale pale chini, maana pistoni ikipanda itaitoa hewa nje. Nikazungusha injini kwa mkono, nikaona valvu inafunga karibu na hapo. "Valvu ni nzima, mjomba." Akaniamini. Siku nzima ikapotea tukisafisha bomba za mafuta.

Kesho yake akaja fundi kutoka Taveta. Akafungua, akakuta alama za giya hazikutani. Ziliruka jino moja, valvu inawahi kufunga.

"Lakini pistoni imeshafika chini!" nikabisha.

"Kijana, matatu ikipiga breki, abiria husimama?"

Naam. Hewa ina uzito. Ikishakimbizwa na pistoni, huendelea kuingia hata pistoni inapogeuka. Kwa hiyo injini nyingi hufunga valvu hiyo baadaye, kwa mfano digrii 40 baada ya chini. Kwa vipimo vyangu pistoni itakuwa imepanda chini ya milimita 9 tu. Ukichelewesha mno, hasa injini ikizunguka polepole, hewa hurudi nje kweli. Ndiyo maana baadhi ya magari hubadilisha wakati wa valvu kulingana na mwendo.

Jioni maji yalitoka kwa nguvu. Mistari miwili ya nyanya haikupona.

Programu yangu haikuwa na kosa hata moja la kodi. Niliipa pistoni mwendo, nikasahau kuipa hewa uzito.