Kivuli Nilichokifuta

Nilimharibia binti mmoja picha yake, tena mbele ya wenzake, nikijiona nafundisha.

Nafundisha watoto kuchora hapa Kabasa. Siku hiyo niliwapa kazi ya kuchora msitu wa Muhunda, ule msitu wa mila wa Wazanaki kule Butiama, jirani na Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere. Binti huyo alikuwa amewahi kufika huko na bibi yake. Chini ya miti hakuweka nyeusi. Aliweka buluu inayoelekea zambarau, na kwenye matawi akadondosha kijani kilichojaa njano. Nikamwambia kivuli hakina zambarau. "Mwalimu, ndivyo palivyo," alinijibu. Nikachukua brashi yake, nikachovya kwenye kopo la nyeusi, nikafunika.

Mkono wangu umekulia kwenye picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka rangi za mafuta za kopo juu ya hadibodi, na wanyama wake hawakuhitaji jua: rangi bapa ndiyo uzuri wao. Yeye hana kosa. Mimi ndiye niliyeupeleka mkono huo msituni bila kufika msituni. Muhunda nilikuwa nikiuchora kwa picha ya simu, na simu yangu penye giza kidogo huonyesha nyeusi tii.

Baadaye nilikwenda, nikasimama pembezoni mwa msitu. Huku kwetu karibu na ikweta jua la saa sita hukaa utosini. Jani ukilitazama kwa juu linametameta kama bati, rangi yake karibu imepotea. Ukilitazama kwa chini, mwanga ukiwa unapenya ndani yake, ni kijani cha njano kabisa. Na kivulini, jua likishazuiwa, kinachomulika ni anga. Kwa hiyo mawe yana buluu, na buluu hiyo ikiangukia udongo mwekundu inakuwa zambarau. Kila alichokiweka kilikuwepo.

Nimemwomba radhi mbele ya wenzake walewale. Picha haikuokoka, rangi ya mafuta ikishakauka juu ya nyingine, ukikwangua unaondoa zote mbili. Nilimpa hadibodi mpya, akaipokea kwa adabu. Tangu hapo anachora ng'ombe tu, na kivuli cha ng'ombe anakipaka nyeusi.